Bega la Kushoto

Miezi saba si mingi kwa mtu anayejua anangoja nini. Kwa Khadidja ilikuwa mingi mno, kwa sababu hakujua kama anangoja au ameachwa.

Mchana ule wa Ijumaa, mwezi wa Agosti mwaka 1998, alikuwa peke yake dukani kwa baba yake, mtaa wa Asiatique. Fundi Twahiru alikuwa amekwenda msikitini, na cherehani zake tatu zilikuwa kimya. Nje vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya ziwa, hata milima ya Congo haikuonekana. Hupotea hivyo kila mwaka kuanzia Juni, na watu wa Bujumbura hawajali, maana wanajua mvua itairudisha. Lakini mwaka huu Khadidja alitazama upande ule kila asubuhi, akatazama mahali palipokuwa na milima, akaona weupe mtupu. Huko nyuma ya weupe ndiko alikokuwa Gélase. Au ndiko walikosema yuko. Mtu mmoja wa Kinama alimwona mwezi wa Januari akipita Kajaga kwa miguu, mfuko mmoja mgongoni, akielekea Uvira, upande wa Congo. Basi. Baada ya hapo, kimya.

Alichukua kipande cha sponji la godoro, akakichovya kwenye kopo la wino, akakikamua taratibu.

Wino alikuwa ameutengeneza mwenyewe. Tangu nchi iwekewe vikwazo, wino wa kuchapia ulikuwa umeadimika, na karatasi nzuri ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Khadidja alivunja betri za redio zilizokufa, akasaga ule mkaa wa ndani, akauchanganya na uji mzito wa muhogo. Rangi ilitoka nyeusi yenye ukijivu, kama moshi uliokaa darini. Aliipenda. Alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya sanaa ya mjini, sehemu ya michoro ya matangazo, na mwaka wa masomo uliochelewa kwa ajili ya mambo ya nchi ulikuwa sasa unafika mwisho. Kazi ya kufuzu ilikuwa moja tu. Mwalimu wao, Madamu Caritas, aliieleza akiwa amekalia meza, miguu inaning'inia:

"Tengenezeni herufi zenu wenyewe. Zitoke nyumbani kwenu, zisitoke vitabuni. Halafu muchape bango moja, neno moja. Nitaangalia hilo tu."

Khadidja alijaribu mengi. Kwanza alinakili maua ya hina ambayo shangazi yake huwachora maharusi, yakageuka herufi nzuri zisizosomeka. Akaenda kwa mafundi wa magari, akaazima spana, akazipaka wino na kuzigandamiza kwenye karatasi. Zikatoka herufi ngumu, zenye meno. Jaribio la tatu lilimtoka bila kufikiri, usiku na mchana mkono ukienda wenyewe. Madamu Caritas aliziangalia herufi hizo kwa muda mrefu.

"Nzuri sana," alisema. "Lakini huu ni mkono wa mutu mwingine. We uko wapi?"

Khadidja alizikusanya karatasi zake. Herufi zilikuwa za Gélase.

Na angezikimbia vipi? Gélase alikuwa mchora vibao. Nusu ya majina juu ya milango ya Asiatique yalitoka kwenye brashi yake. Duka la vitambaa, duka la misumari, kinyozi, muuza mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa ameondoka, lakini herufi zake zilibaki zimesimama barabarani, na kila siku Khadidja alipita chini yake kama mtu anayepita chini ya macho ya watu.

Ndivyo walivyojuana. Miaka miwili nyuma, yeye akiwa mwanafunzi mpya mwenye daftari kwapani, alisimama chini ya ngazi kumtazama kijana aliyekuwa anachora bila rula.

"We dada, ukisimama apo rangi itakuangukia."

"Iniangukie. Nataka kuona namna unashusha mguu wa hiyo R."

"R haishushi mguu," kijana alisema, bila kugeuka. "R inapiga teke."

Akachora, na kweli ikapiga teke. Khadidja alicheka kwa sauti, na ndipo kijana alipogeuka. Alikuwa na tone la rangi nyekundu kwenye nyusi. Walitazamana, kisha wote wawili wakatafuta kitu kingine cha kutazama.

"Shuleni wanatufundisha kupima kwa rula," Khadidja alisema, ili aseme kitu. "We unapima na nini?"

"Na pumzi. Mustari mumoja, pumzi moja. Ukipumua katikati, mustari unajua."

Tangu siku hiyo hakuwahi kuchora mstari bila kuzuia pumzi.

Siku ya mwisho alimkuta chini ya kibao kile kile, mwezi wa Januari, mvua imetoka kukatika. Gélase hakuwa na ngazi siku hiyo. Alionekana mdogo bila ngazi yake.

"Khadi, nikikuambia uningoje, utaningoja?"

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Nauliza tu."

Naye, kwa sababu alikuwa na furaha na alitaka abembelezwe kidogo, alijibu: "Mi siko kituo cha basi, Gélase."

Gélase alicheka. Lakini macho yake hayakucheka pamoja naye, na Khadidja aliona, akaacha kuuliza. Kesho yake alikuwa hayupo. Maneno yale yalimrudia kila alipokuwa peke yake, na siku hizi alikuwa peke yake hata katikati ya watu. Mi siko kituo cha basi. Kama ningejua, alijiambia, ningekuwa kituo, ningekuwa barabara, ningekuwa basi lenyewe.

*

Wazo la patroni lilimjia wiki mbili zilizopita, akimtazama baba yake kazini.

Patroni ndivyo mafundi wa Bujumbura wanavyoziita karatasi za vipimo, zile wanazotandika juu ya kitambaa kabla ya kukata. Fundi Twahiru alizikata kwenye mifuko ya simenti, karatasi ngumu ya kahawia, na kuzitundika kwenye msumari mrefu ukutani, moja juu ya nyingine. Hakuandika majina. Zamani aliandika, tangu mambo yaharibike aliacha, na hakueleza. "Jina linaweza kubadilika," alikuwa akisema. "Mabega hayabadiliki." Alimjua kila mtu kwa kuigusa karatasi yake.

Na hakutupa hata moja. Msumari ulibeba vipimo vya watu waliohama, waliokimbia, waliokwenda sokoni siku fulani wasirudi. Ukimwambia, "Baba, hii ya nini tena?" alijibu neno moja kila mara: "Ukitupa vipimo vya mutu, umesema harudi."

Khadidja aliona kwenye karatasi zile kitu ambacho macho yake yalikuwa yanakipita tangu utotoni. Tundu la mkono lilikuwa O. Mkato wa shingo ukigeuzwa ulikuwa U. Kola ya koti na pindo lake zilitoa K yenye kiuno. Hizi zilikuwa herufi za nyumbani kwao, zilizokaa ukutani miaka yote zikimngoja azisome. Alizichora, akamwonyesha Madamu Caritas. Mwalimu aligonga meza mara mbili kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi.

Lililobaki lilikuwa kukata herufi hizo kwenye karatasi ngumu, ili apitishe wino kwenye matundu yake. Karatasi ngumu haikuwapo mji mzima. Jana, wakati wa swala ya Adhuhuri, Khadidja alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliingiza mkono kwenye msumari wa baba yake, akachomoa karatasi ya chini kabisa. Ya chini lazima iwe ya zamani kuliko zote, alijiambia. Mwenyewe atakuwa amekwisha sahau hata kama aliwahi kupimwa. Tena ilikuwa pana. Patroni za watu wengi ni nusu ya mgongo tu, maana kitambaa hukunjwa katikati. Hii ilikuwa mgongo mzima. Herufi nne zilienea vizuri. Alizikata kwa wembe, mstari mmoja pumzi moja.

Sasa aliiweka juu ya karatasi nyeupe, ya mwisho aliyokuwa nayo, akagonga sponji taratibu kwenye matundu. Akainua.

TUKO.

Ndivyo watu wa mji ule walivyojibiana miaka ile. Habari? Tuko. Hawakusema wazima, hawakusema salama. Tuko, inatosha. Herufi zilisimama vizuri, nyeusi, zenye mabega. Lakini Khadidja alipozitazama alisikia baridi. Neno la watu wengi lilikuwa limekaa peke yake katikati ya weupe mkubwa, kama yeye.

"Subhanallah, angalia mikono! Kama muchoma makaa!"

Shangazi Zubeda aliingia mlangoni na harufu ya udi, mtandio wa kijani, na haraka zake. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake, na baada ya mama kufariki ndiye aliyemlea Khadidja. Kwa hiyo alijiona ana haki ya kuingia popote, hata moyoni mwa mtu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinishike na hiyo mikono. Sikiliza, mi siko na wakati. Karimu ametuma watu mara ya tatu. Mara ya tatu, Khadidja! Leo baada ya Alasiri nataka jibu niwapelekee."

"Shangazi..."

"Karimu si mutu mubaya. Anauza matairi, anaswali, anacheka, meno yote iko mudomoni. Unataka nini tena?"

Khadidja alitabasamu bila kupenda. "Sijasema ni mubaya."

"Eh bon! Sasa unangoja nani?" Shangazi aliketi kwenye kiti cha wateja, na sauti yake ikashuka. "Mutoto yangu, mi sina ubaya na ule kijana wa Kinama. Lakini si wa dini yetu, hana kwao, hana mukubwa wa kumusemea. Na ameenda bila kukuaga. Mwanaume mwenye kukupenda anaaga. Hata mugonjwa anaaga."

Neno hilo lilimpata Khadidja mahali palipokuwa panauma tayari. Alitazama nje. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la misumari, R ya Gélase ilikuwa bado inapiga teke, peke yake, kwenye vumbi.

Hata mgonjwa anaaga. Alifikiri juu ya nyumba yenye sauti za watu, juu ya mtu anayerudi jioni kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku, anayeuliza kuna nini cha kula. Hakumpenda Karimu. Lakini alikuwa amechoka kuwa msumari wa kutundikia kitu kisichokuja.

"Urudi baada ya Alasiri, shangazi," alisema. "Nitakupa jibu."

Shangazi alimtazama, akaelewa jibu litakuwa lipi, akambusu utosini. Ajabu ni kwamba hakuonekana mwenye furaha. Alitoka taratibu kuliko alivyoingia.

*

Fundi Twahiru alirudi akiwa na kanzu yake nyeupe na kifurushi cha karatasi chenye mafuta.

"Assalam alaikum. Sambusa ya moto, mama. Kula mbele haijapoa..."

Akasimama. Macho yake yalikuwa yameanguka juu ya meza.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwenye musumari, baba." Khadidja alisimama. "Nisamehe. Nilichukua ya chini kabisa, nilifikiri ni ya zamani. Karatasi imekosekana kila mahali, na kazi ni ya Jumatatu..."

"Ya chini kabisa," alirudia baba yake.

Aliweka sambusa kwenye cherehani, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kulifanya dukani humo. Akavua kofia. Aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili, nayo ikaning'inia na matundu yake manne, mwanga wa mlangoni ukapita ndani. Kisha akaitandika mezani na kuilainisha kwa kiganja, kama mtu anavyomlaza mtoto.

"Nitakata ingine, baba. Niambie mwenyewe ni nani, tutamupima upya."

"Tutamupima wapi?" alisema Fundi Twahiru.

Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya bega la kushoto la karatasi. Khadidja alikifuata kidole. Na kwa mara ya kwanza, yeye mwenye jicho la kuchora, yeye aliyekaa na mgongo ule tangu jana akitafuta nafasi ya herufi, aliutazama mgongo wenyewe.

Bega la kushoto lilikuwa chini. Si sana; upana wa vidole viwili. Ndiyo maana patroni ile haikukatwa nusu: ukikunja kitambaa katikati, mabega yasiyolingana hayawezi kutoka.

Na yeye alijua mtu mmoja tu mwenye bega kama lile. Mtu aliyebeba ngazi juu ya bega moja tangu ana miaka kumi na mitano, kutoka Kinama hadi mjini, kutoka mjini hadi Kinama.

"Baba." Sauti yake ilitoka ndogo. "Hii ni ya nani?"

"Umeshajua."

"Sema."

"Ya ule kijana. Gélase."

Khadidja alishika ukingo wa meza, akaacha alama tano nyeusi juu ya ubao.

"Alikuja hapa?"

"Alikuja mwezi wa kwanza. Siku ya Jumanne, we ulikuwa shuleni. Akasema, Muzee, nataka suti. Nikamuambia vua koti, simama. Nikazungusha meta kwa kifua, na hapo ndipo akasema. Mi nimeshika meta namna hii, kichwa yangu iko karibu na kifua yake, ananiambia, Muzee, suti ni ya harusi, na binti ni wako." Fundi Twahiru alipangusa uso. "Nilisikia moyo yake kwenye meta, Khadidja. Ilikuwa inapiga mpaka namba zinatetemeka. Miaka thelathini napima watu, sijawahi kukosa kusoma kifua. Siku hiyo nilipima mara tatu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuuliza dini. Ningefanya nini, mi ni baba yako. Akasema, Muzee, mi ni Mukristo, sitakudanganya nipate binti yako. Tutazungumza, nitasikiliza, lakini sitaanza na uongo. Nikampenda kwa lile jibu. Na nikachukia vile nimempenda."

"Baba, ukamwambia nini?"

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye cheni iliyolegea, na sauti yake ikaenda mpaka ikaisha.

"Nikamuambia mutu hajiposei mwenyewe," alisema mwishoni. "Ni adabu ya huku, kwetu na kwao pia. Binti anaombwa na wakubwa. Nikamuambia, leta mukubwa wa kwenu, hata mumoja, akae kwenye kile kiti. Akasema wakubwa wote walikimbia, amebaki mujomba mumoja tu, iko Uvira. Nikamuambia basi, Uvira si mbali. Na nikamukataza asikuambie kitu mpaka arudi naye. Sikutaka uvunjike moyo kama hakurudi."

"Uvira," Khadidja alisema.

"Wakati ule njia ilikuwa inapitika, mama."

"Ulimtuma Uvira."

"Khadidja..."

"Miezi saba!" Hakujua kwamba ana sauti kubwa hivyo. "Miezi saba nalala nikijiuliza nilimfanyia nini! Kama ni maneno yangu, kama ni mizaha yangu. Kila siku shangazi anasema hata mugonjwa anaaga, na we unakaa apo unasikiliza, unashona vifungo! Alitaka kuniaga. Alinijia, akaniuliza kama nitamungoja, na mdomo wake ulikuwa umefungwa na we! Sasa uko ng'ambo nako kumewaka vita. Kama iko hai sijui, kama iko na njaa sijui. Ulimtuma atafute mujomba kwa ajili ya kiti! Kwa ajili ya kiti, baba!"

Hakuwahi kumpigia baba yake kelele maishani. Alingoja kofi au karipio. Lakini fundi Twahiru alibaki ameinama juu ya karatasi, na Khadidja akaona tone likianguka kwenye kahawia ya simenti na kuacha doa jeusi, karibu na tundu la O.

"Nilificha chini kabisa," alisema, "ili usiione. Na kila siku, mbele sijafunga duka, niliigusa. Kuhakikisha kama bado iko."

Kwa hiyo miezi saba ile walikuwa wawili. Yeye akitazama milima isiyoonekana, na baba yake akiingiza kidole chini ya msumari. Kila mmoja peke yake, hatua kumi mbali na mwenzake, hakuna aliyejua. Hasira ya Khadidja haikuisha. Ilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Aliinama chini ya meza. Vipande alivyokata jana vilikuwa bado ndani ya sanduku la vitambaa vibovu. Alikitoa T. Akakitoa U, K, na ile O ya tundu la mkono. Akaanza kuvirudisha kwenye matundu yake. Viliingia barabara, maana wembe wake ulikuwa mkali na pumzi yake ilikuwa haikukatika.

"Lete gundi," alisema baba yake.

"Uji wa muhogo uko hapa."

"Lete huo."

Walibandika kwa nyuma vipande vyembamba vya karatasi, vichwa vyao vikikaribiana. Mgongo wa Gélase ukawa mzima tena, una makovu.

Kisha fundi Twahiru alipanda kwenye kigoda, akafikia rafu ya juu kabisa, akashusha kitambaa kilichofungwa kwenye shuka. Kilikuwa cha kijivu kilichokolea, kizito, cha kabla ya vikwazo. Khadidja alikijua.

"Baba, hiyo ni yako. Ulisema utaivaa siku ya harusi yangu."

"Nitavaa kanzu." Alikitandaza mezani, kikafunika hata alama tano nyeusi za Khadidja. Akaiweka patroni juu, akachukua chaki.

"Unafanya nini? We haukati kitambaa ya mutu mbele hajarudi kupimwa mara ya pili. Hata ya mukubwa wa mukoa ulikataa."

"Najua kanuni yangu. Ni mi niliitunga."

Mlango ulitiwa kivuli. Shangazi Zubeda alikuwa amerudi, amevaa viatu vizuri, viatu vya kupeleka jibu. Aliwatazama wote wawili, nyuso zao, kisha kitambaa.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," fundi Twahiru alisema kwa ukali. "Usilete hilo neno kwa duka yangu."

"Basi, binti, jibu. Watu wa Karimu wamekaa kwangu, chai ya pili imeisha."

Khadidja alifuta mikono kwenye sketi. "Waambie apana, shangazi. Waambie kwa heshima. Karimu ni mutu muzuri, anastahili mwanamke asiyetazama ng'ambo ya ziwa."

"Tena ule! Ule mwenye hakuaga!"

"Mi ndiyo nilimkataza kuaga," alisema fundi Twahiru. "Na ni mi nilimtuma kutafuta mukubwa. Nitakueleza yote, Zubeda, unitukane utoshe. Lakini sikiliza hii kwanza. Akirudi na mujomba wake, Alhamdulillahi. Akirudi peke yake, mi nitakuwa mukubwa wake. Nitakaa upande wa kijana."

"Upande wa..." Shangazi alikaa kwenye kiti bila kukitafuta. "We ni baba wa binti!"

"Upande wa binti utakaa we. Utaniuliza maswali magumu. Na ya dini utauliza, na mi nitauliza pia, kwa sababu hiyo sijaimaliza. Lakini mutu anaulizwa akiwa amekaa kwa kiti. Hatumuulizi akiwa njiani."

"Twahiru, umerukwa na akili."

"Labda."

Shangazi alimtazama mdogo wake, akamtazama Khadidja, akaona kitu ambacho hakukiona kwa miezi saba. Akavuta mtandio wake.

"Nitakuuliza maswali magumu kweli," alisema. "Utajuta." Akainuka kwenda kuwaambia watu wa Karimu. Mlangoni aligeuka. "Hiyo sambusa inachafua cherehani."

Walibaki peke yao tena. Jua la alasiri liliingia chini chini, likaonyesha vumbi. Fundi Twahiru alimaliza kuzungusha chaki, akachukua mkasi mkubwa, kisha akasita.

"Safari inakondesha," alisema. "Na uko hakuna chakula. Nikate kwa vipimo vya siku ile, au nipunguze?"

Khadidja alitazama mchoro mweupe wa chaki juu ya kijivu. Alitaka kulia, akajizuia, maana aliulizwa swali la kazi.

"Kata kwa vipimo vya siku ile. Kitambaa ya kupunguza iache ndani ya mushono. Lakini ukikata ndogo, hatuwezi kurudisha."

"Na bega?"

Khadidja mwenyewe aliweka viganja viwili juu ya kitambaa, kimoja kila upande wa shingo, mahali ambapo hakuwahi kumgusa Gélase mwenyewe. Cha kushoto kilikaa chini kidogo.

"Liache vile liko," alisema. "Atarudi kubeba ngazi yake."

Baba yake alifungua mkasi. Njia ya chaki ilikuwa ndefu, kutoka chini ya koti mpaka kwenye tundu la mkono, na Khadidja alishika kitambaa kisiteleze. Bango lake moja, lenye neno moja, lilikuwa linakauka dirishani. Ng'ambo ya barabara vumbi lilikuwa pale pale, na milima haikuonekana.

Mkasi ulianza kwenda. Khadidja alizuia pumzi, wala hakuiachia mpaka mstari ukafika mwisho.